Bango la duka mpakani liwake lisomeke, si lishangaze

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewapa kisingizio wafanyabiashara wengi wa mipakani. Mwenye mchele safi huamini kuwa mchele utajitangaza wenyewe, na mwenye vipuri halisi huamini kuwa sifa zake zitafika kabla ya mteja. Hilo ni kweli kwa mteja wa jirani, anayelijua duka tangu lilipokuwa kibanda. Kwa mgeni aliyeshuka basi saa 3 usiku, akiwa na fedha kiunoni na bila mwenyeji, kizuri hakijiuzi mpaka kwanza kionekane.

Mgeni huyo ndiye mteja wa mpakani. Anatoka Arusha kwenda Nairobi, au Kampala kwenda Eldoret, au Bukoba kwenda Masaka. Anatafuta duka la jumla, nyumba ya kulala, ghala la kuhifadhi mzigo hadi asubuhi. Asipoona jina la anachokitafuta, atamuuliza kijana wa kwanza atakayemkuta barabarani, na kijana huyo atampeleka kule anakolipwa kamisheni. Kamisheni hiyo haitoki hewani. Inaongezwa kwenye bei ya gunia, na mnunuzi ndiye anayeilipa.

Kwa hiyo bango lenye taa nje ya jengo la biashara ni kitendea kazi kama mzani, na linastahili kuchaguliwa kwa uangalifu uleule. Tatizo ni kwamba wengi hulichagua mwisho, baada ya rangi, mlango na rafu, kwa fedha iliyosalia na kwa kuiga duka la jirani. Jirani akiweka taa zinazozunguka, huyu naye anaweka zinazomweka. Baada ya miezi michache mtaa mzima unawaka kama ukumbi wa harusi, na mteja bado anauliza njia.

Mazingira ya biashara mipakani yamebadilika. Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Mutukula kilizinduliwa mwaka 2017, cha Busia Februari 2018, na cha Namanga Desemba 2018. Vituo kama Namanga, Busia na Malaba vinahudumia watu na mizigo saa 24. Forodha ikifanya kazi usiku, abiria na madereva wa malori nao wanapita usiku. Katika ukanda huu wa karibu na ikweta jua huzama kati ya saa 12 jioni na saa 1 usiku mwaka mzima. Duka linalofungwa saa 4 usiku, kwa hiyo, linafanya kazi gizani kwa saa tatu hivi kila siku. Mwenye duka ambaye jina lake halisomeki katika saa hizo amelipa kodi ya pango ya siku nzima kwa biashara ya mchana peke yake.

Swali la kwanza la mnunuzi wa bango lisiwe bei. Liwe hili: nani atalisoma, akiwa wapi, na akiwa katika mwendo gani? Mafundi wa mabango wana kipimo chao cha haraka, kwamba kila sentimita 10 za urefu wa herufi husomeka vizuri kutoka umbali wa mita 12 hivi. Herufi ya sentimita 40 husomeka kutoka mita 48. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva basi ana sekunde tatu na nusu hivi za kusoma bango hilo kabla hajalipita. Katika sekunde hizo husoma maneno matatu au manne. Hasomi orodha ya bidhaa kumi na mbili, picha ya mwenye duka, aya ya maandiko na namba tano za simu.

Kipimo hicho peke yake kinaondoa nusu ya makosa. Duka lililo kwenye kichochoro cha sokoni, ambako wateja wanatembea kwa miguu na umbali mrefu ni mita 15, halihitaji bango la ukubwa wa ukuta. Herufi za sentimita 15 zinatosha na kubaki. Ghala lililo kando ya barabara kuu linahitaji herufi kubwa na maneno machache. Nyumba ya kulala wageni iliyojificha nyuma ya majengo mengine inahitaji bango la pembeni, linalotokeza ukutani na kusomeka pande zote mbili, maana la mbele halimfikii mtu anayekuja kwa ubavu.

Swali la pili ni aina ya taa. Historia yake si ndefu. Gesi ya neoni iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay pamoja na Morris Travers, na mwaka 1910 Mfaransa Georges Claude alionyesha Paris mirija ya kioo inayowaka kwa gesi hiyo. Kwa miongo mingi mwanga huo mwekundu ndio ulioitambulisha mitaa ya biashara duniani. Baadaye visanduku vya plastiki vyenye tyubulaiti ndani vikaenea. Kilichobadilisha mambo ni taa ndogo za LED, hasa baada ya kupatikana kwa LED ya bluu inayowezesha mwanga mweupe. Kazi hiyo iliwapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Leo fundi wa kawaida katika mji wa mpakani anaweza kutengeneza kwa LED bango ambalo zamani lingehitaji kiwanda.

Tofauti yake huonekana kwenye umeme. Kisanduku chenye tyubulaiti sita za wati 36, pamoja na choki zake, hula karibu wati 270. Kikiwashwa kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 6:30 usiku, ni uniti 1.6 kwa siku, sawa na uniti 48 hivi kwa mwezi. Kisanduku kama hicho kikifungwa LED za jumla ya wati 80 kitatumia uniti zipatazo 14. Anayenunua LUKU Tanzania, tokeni Kenya na Uganda, au Cash Power Rwanda anaweza kupiga hesabu kwa bei ya kwake. Akizidisha tofauti hiyo ya uniti 34 kwa miezi 12, ataona kuwa kisanduku cha tyubulaiti alichouziwa kwa bei ya kutupa kinaweza kuwa ndicho ghali. Tyubulaiti zina zebaki pia, na zikivunjika hazifai kutupwa ovyo karibu na unga na nafaka.

Hata hivyo, neno LED lisimpumbaze mtu. Katika mabango mengi kinachokufa kwanza si taa bali pawa saplai, kile kifaa kinachoushusha umeme wa ukutani kuwa volti 12. Kikifungwa ndani ya kisanduku cha bati kisicho na tundu la hewa, juu ya ukuta unaopigwa jua tangu asubuhi, kitaungua. Umeme unaopanda na kushuka nao utakimaliza. Mnunuzi amuulize fundi mambo matatu: kifaa hicho kitakaa wapi, kitabadilishwaje bila kubomoa bango, na kina uwezo wa wati ngapi zaidi ya zinazohitajika. Kilichojazwa hadi ukomo wake hakidumu.

Vumbi na mvua ni adui wengine. Taa za nje hupewa alama ya IP yenye tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji. Alama ya IP65 ina maana kwamba vumbi haliingii kabisa, na maji yanayorushwa kwa mkondo hayadhuru. Moduli zilizotengenezwa kwa matumizi ya ndani, zisizo na kinga hiyo, ni rahisi dukani, na fundi asiye mwaminifu huzifunga nje kwa sababu siku ya kukabidhi kazi zinawaka sawasawa. Aibu huja na mvua za masika, wakati jina la duka linapobaki na nusu ya herufi.

Ukweli mmoja husemwa mara chache kwa sababu hauwapi mafundi faida. Kwa wafanyabiashara wadogo wengi wa mpakani, bango bora la taa ni ubao au bati lililopakwa rangi vizuri, likamulikwa kwa taa mbili za LED kutoka juu. Mchana linasomeka, usiku linasomeka, na taa ikiungua hubadilishwa na mtu yeyote mwenye ngazi. Umeme ukikatika, jina halipotei. Herufi za kusimama zinazowaka kutoka ndani ni nzuri kwa benki, hoteli na duka kubwa lililokwisha kusimama. Kwa mama mwenye duka la vitenge anayezungusha mtaji wake kila wiki, kuziweka kabla ya wakati ni kuhamisha mtaji kutoka kwenye rafu na kuupandisha ukutani, mahali ambapo hauzai. Kipimo chepesi ni hiki: gharama ya bango ikifikia thamani ya mzunguko mmoja wa mzigo, bango hilo lisubiri.

Penye umeme wa kusuasua, jua linaweza kusaidia, kwa kuwa moduli nyingi za LED hutumia volti 12 na zinaweza kuchukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Bango la wati 60 linalowaka saa sita hutumia wati-saa 360. Paneli ya wati 120 hadi 150 na betri ya asidi ya ampea-saa 100, isiyoshushwa chini ya nusu, vinatosha katika siku za jua la kawaida. Anayeuziwa paneli ya wati 30 kwa kazi hiyo anauziwa giza.

Rangi nazo zina kanuni yake. Herufi nyeupe au za njano juu ya bluu iliyokolea au kijani kilichokolea husomeka kwa mbali. Herufi nyekundu juu ya nyeusi huonekana kama kaa la moto, lakini hazisomeki. Taa zinazowaka na kuzima huvuta jicho na hulinyima jicho muda wa kusoma, na zikiwa kando ya barabara kuu huweza kumsumbua dereva na kuchanganywa na taa za tahadhari. Skrini zenye maandishi yanayokimbia zina ubaya mwingine: anayepita huona kipande cha sentensi, na mara nyingi kipande hicho si jina la duka.

Baada ya taa yanakuja maneno, na hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani anatofautiana na mwenzake wa katikati ya nchi. Mabango mengi hubeba jina la mwenye duka likifuatiwa na neno Enterprises. Mgeni akishalisoma hajui kama ndani kuna saruji au sukari. Neno linalotakiwa liwe kubwa kuliko yote ni lile la bidhaa: VIPURI VYA PIKIPIKI, MCHELE WA JUMLA, NYUMBA YA WAGENI. Tena liwe la Kiswahili. Rwanda iliweka Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi. Maazimio hayo yamefikia meza za mikutano. Kwenye kuta za maduka bado ni machache, ingawa mnunuzi kutoka Bukavu na muuzaji wa Mwanza hukutana katika lugha hiyohiyo bila mkalimani.

Namba ya simu ni jambo dogo linalopoteza wateja wengi. Namba nyingi za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda huanza na 07 zikiandikwa kwa mtindo wa nyumbani. Mnunuzi aliyepiga picha bango la Busia upande wa Kenya, kisha akapiga namba hiyo akiwa Jinja kwa laini ya Uganda, hatalipata duka. Huenda akampata mtu mwingine kabisa. Bango la mpakani liandike msimbo wa nchi: +254, +255, +256, +250, +257 au +243. Na kwa kuwa Namanga ni jina la mji wa pande zote mbili, kama ilivyo Busia, bango liseme ni upande wa nchi gani. Mwenye mzigo anahitaji kujua kabla hajavuka.

Kuna woga ambao hauna budi kujibiwa, kwa sababu ndio unaowazuia wengi. Wafanyabiashara husema kuwa kuwasha bango ni kumwita mtoza ushuru. Woga huo una mizizi. Katika maeneo mengi serikali za mitaa na kaunti hutoza ada ya bango, aghalabu kwa kuangalia ukubwa wake, na bango la taa linaweza kulipiwa zaidi ya lile la kawaida. Aliyetumia akiba ya miezi kadhaa kulitengeneza hujikuta akipewa notisi asubuhi ya pili. Wengine wamelisimika ndani ya hifadhi ya barabara na kukuta limewekwa alama ya X, au limelala chini.

Dawa ya woga huo haiwezi kuwa giza. Duka lisilo na jina hukaguliwa vilevile, halipati mkopo kwa urahisi, na mteja wake hana pa kurudi akiuziwa bidhaa mbovu. Dawa ni kuuliza kabla ya kulipa fundi. Mfanyabiashara aende ofisi ya halmashauri, kaunti au wilaya akiwa na mchoro wenye vipimo, aulize ada ya mwaka, kisha apunguze mita za mraba kwenye karatasi, mahali ambapo kupunguza hakugharimu kitu. Apate kibali kwa maandishi, na akihifadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mpangaji wa fremu ana jambo la ziada. Ukuta si wake. Mkataba wa pango useme kama anaruhusiwa kutoboa ukuta, nani analipa umeme wa bango, na bango litakuwa la nani siku atakapohama. Wapo waliohama wakaacha herufi zao ukutani kwa sababu mwenye jengo alidai zimekuwa sehemu ya nyumba.

Na kwa kuwa wasomaji wengi hununua upande mmoja na kufunga upande mwingine, forodha nayo ina neno. Mabango yenye taa yana fungu lake katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, namba 94.05, pamoja na taa nyingine. Bango lililotengenezwa nchi mwanachama na kutimiza kanuni za uasili linaweza kuingia bila ushuru wa forodha likiwa na cheti cha uasili. Bila cheti hutozwa kama bidhaa ya nje ya Jumuiya. Mpango wa biashara rahisishwa unaruhusu cheti chepesi kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti kinaondoa ushuru wa forodha peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine hubaki kama zilivyo katika nchi husika. Ni vema kuuliza kwenye dawati la taarifa za biashara mpakani kabla ya kumpa fundi wa upande wa pili fedha ya kianzio, kwa sababu bango lililokamatwa haliwaki.

Lakini mzigo wote usibebwe na mwenye duka. Serikali za mitaa za miji ya mpakani zina wajibu wa mambo matatu. La kwanza, zibandike jedwali la ada za mabango kwa Kiswahili, mahali pa wazi, ili mtu ajue gharama bila kumjua mtu ofisini. La pili, bango dogo linalotaja jina na bidhaa za duka, likiwa ukutani mwa duka hilohilo, lisitozwe kama tangazo la kampuni kubwa lililosimamishwa barabarani. Moja linamwelekeza mteja mlangoni, jingine linauza bidhaa kwa nchi nzima, na kuyaweka katika kapu moja ni kumwadhibu mdogo. La tatu, miji pacha kama Namanga mbili na Busia mbili ikubaliane kanuni zinazofanana za ukubwa, umbali kutoka barabarani na mwanga, ili fundi wa upande mmoja aweze kufanya kazi upande mwingine bila kujifunza upya.

Nchi wanachama zimejenga vituo vya pamoja ili lori lisikae mpakani siku nzima. Ingekuwa hasara kama mwenye mzigo angevuka kwa dakika chache, kisha akapoteza saa nzima akizunguka gizani kutafuta duka lisilo na jina. Mfanyabiashara anayejipanga kununua bango anaweza kuanza leo usiku, bila kulipa chochote. Asimame ng'ambo ya barabara, mahali ambapo basi hushusha abiria, alitazame duka lake kama mgeni asiyelijua, na aandike ni nini hasa anachoweza kukisoma. Karatasi hiyo ndiyo ya kumpelekea fundi.